Barua Iliyosomwa Bungeni

Bupe Mwaipopo aliisoma barua mara tatu kabla ya kumtazama mwanamke aliyeileta.

Ilikuwa nakala iliyofifia pembeni, ukurasa mmoja wa Kiingereza kilichoandikwa kwa mkono. Juu pana tarehe ya Februari, mwaka huohuo wa 1999. Chini hapana jina, ila maneno haya tu: Mkongo mmoja anayeishi Washington.

"Itafsiri kwa sauti," alisema wakili Edah Nyaboke kutoka nyuma ya meza. "Nataka niisikie kwa Kiswahili."

Ofisi ya Edah ilikuwa Hyattsville, Maryland, kando ya jiji la Washington, ghorofani, juu ya duka la kufulia nguo, na mashine za chini zilipoanza kuzunguka sakafu ilitetemeka. Edah alikuwa Mkenya wa Kisii, wakili wa mambo ya uhamiaji. Bupe alikuwa amefanya upelelezi katika polisi Dar es Salaam miaka kumi na miwili kabla ya kuja Amerika. Sasa alimtafutia Edah mashahidi, anwani, na mara chache ukweli.

Alisoma polepole, akitafsiri.

"'Mhariri. Mtu mliyemwandika Januari, Liévin Mushobekwa, si mkimbizi. Hakuwa muuguzi. Alikuwa dereva wa wanajeshi walioivamia zahanati ile. Muuguzi wa kweli, aliyejificha ndani ya tanki la maji pamoja na mtoto, ni mtu mwingine. Huyu ameiba maisha ya mwenzake. Najua, kwa sababu nilisaidia mazishi ya waliouawa. Waingereza, msidanganyike.'"

"Uongo," alisema mwanamke. "Kila neno."

Aliitwa Laure, dada mdogo wa Liévin. Alikuwa bado na sare ya bluu ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, na viatu vyeupe vya mpira.

"Anzia mwanzo, dada Laure," Bupe alisema. "Kana kwamba sijui lolote."

Laure alieleza. Kaka yake alikuwa muuguzi katika zahanati ya misheni nje kidogo ya Uvira. Mwishoni mwa 1996 wanajeshi waliingia, wakaua wagonjwa vitandani. Liévin alijificha ndani ya tanki la maji ya mvua siku mbili. Alivuka ziwa hadi Kigoma, akakaa kambini, na mwaka 1998 akafika London na kuomba hifadhi. Januari gazeti moja la huko lilichapa habari yake. Mwezi uliofuata barua hii ikatumwa kwa gazeti hilo, likaichapa nayo.

"Halafu mwezi wa tatu député mmoja akaisoma mu Bunge yao," Laure alisema. "Batu wakacheka. Wiki mbili nyuma yake, kaka yangu akapata jibu. Hapana. Sasa iko kizuizini."

Edah aliongeza yaliyobaki. Serikali ya Uingereza ilikuwa imepeleka bungeni muswada mpya wa wakimbizi. Wasipewe tena fedha mkononi, wapewe vocha za chakula. Wasikae London, wasambazwe miji ya mbali. Upinzani ulidai hata huo ni ulegevu, na magazeti yalitafuta kila asubuhi mkimbizi bandia wa kuonyesha. Liévin alifika mikononi mwao wakati wanamtafuta mtu kama yeye.

"Rufaa yake inasikilizwa Alhamisi ya tarehe ishirini na tisa," Edah alisema. "Leo ni tarehe kumi na tisa. Wakili wake wa London anasema barua hii ndiyo nguzo ya kesi yote dhidi yake. Anataka aliyeiandika apatikane na aape kwamba alidanganya."

"Unamshuku nani?" Bupe alimuuliza Laure.

"Khalfan. Yule wa Zanzibar, anaendesha taxi. Kwenye matanga, mwezi wa pili, alisema mbele ya batu wote: wakimbizi wa uongo banaharibia wa kweli, na yeye ataandikia journal za London."

"Alimtaja kaka yako?"

"Hapana. Lakini aliniangalia."

Bupe aliomba bahasha. Nakala yake ilikuwepo: muhuri wa posta ulisema Maryland. Khalfan, alijua, aliishi Woodbridge, Virginia. Hilo halikuwa na uzito mkubwa, maana dereva wa teksi hutumbukiza barua popote. Aliweka karatasi zote kwenye mkoba.

*

Khalfan Seif alimpokea Bupe mlangoni kesho yake saa nne asubuhi, miguu mitupu, kanzu imepigwa pasi. Alikuwa na zamu ya mchana uwanja wa ndege. Sebule yake ilikuwa na televisheni mbili na kabati zima la kanda za video, kila moja imeandikwa tarehe.

"Bunge la Waingereza," alisema alipoona Bupe anazitazama. "Wanalionyesha Jumapili. Halinipiti. Waliotutawala, bibie, lazima uwajue wanavyosema wakiwa peke yao."

"Bwana Khalfan, mwezi wa pili uliandika barua kwa gazeti la London?"

"Nimeandika."

Bupe alifungua daftari lake.

"Wallahi nimeandika. Kaa kitako nikuonyeshe."

Alitoa faili kabatini. Barua yake ilikuwa ya kurasa mbili, imepigwa taipu, na chini pana jina lake kamili, anwani na namba ya simu. Ilimhusu mdogo wake Salum. Kijana alitoka Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, na kovu la kirungu kichwani. London walimkatalia. Ofisa alimwambia amekwisha sikiliza watu kadhaa waliojiita Wapemba, nao walitoka kwingine kabisa. Khalfan alilitaka gazeti liseme wazi kwamba mwongo mmoja hufunga mlango kwa watu ishirini. Jina la Liévin halikuwemo.

"Waliichapa?"

"Hawakuichapa. Yangu ilikuwa na jina chini. Isiyo na jina ndiyo iliyosomwa bungeni." Alicheka bila furaha. "Hawa wa chama cha Labour walipokuwa upinzani tuliwasikia wanavyowatetea wakimbizi. Wameshika serikali, sasa wao na wenzao wanashindana nani atafunga mlango kwa kishindo zaidi. Vocha! Mtu mzima asimame dukani na karatasi ya kuonyesha yeye ni nani, watu wote nyuma yake kwenye foleni wamtazame."

"Nasikia unayo kanda ya siku ile."

Aliiweka. Mbunge wa upinzani, mtu mnene mwenye miwani, alisimama na karatasi mkononi. Alisoma barua kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho mezani. Alipofika kwenye tanki la maji alinyamaza kidogo, na viti vya nyuma yake vikacheka. Waziri akajibu kwamba serikali yake nayo haitavumilia udanganyifu, na ndiyo maana imeleta muswada.

"Rudisha nyuma," Bupe alisema. "Hapo kwenye tanki."

Khalfan alirudisha. "Pamoja na mtoto," alisema mbunge.

Bupe alitoa habari ya Januari, ile ya kwanza, akaipitia mstari kwa mstari. Tanki lilikuwemo, na zile siku mbili. Mtoto hakuwemo.

"Umeona nini?" Khalfan aliuliza.

"Nimeona kwamba mwandishi anajua jambo ambalo gazeti halikulichapa."

Khalfan alizima televisheni. Alikaa akiitazama ikiwa nyeusi.

"Nikwambie kitu? Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi. Nilisema, haya, mmoja kakamatwa. Sikumjua, nikafurahi tu." Alisimama akachukua funguo zake. "Nakuomba usimwambie yule dada."

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha injini, Bupe aliisoma barua mara ya nne. Alisimama kwenye neno lililomkera tangu ofisini. *Nilisaidia mazishi.* Miaka ya themanini, akiwa askari mchanga Kigoma, alikuwa ameandika maelezo ya Warundi na Wakongo kwa mamia. Waliosoma shule za Kifaransa, wakijaribu Kiingereza, walisema "kusaidia" walipotaka kusema "kuhudhuria", kwa kuwa 'assist' ya Kiingereza ni kusaidia, na 'assister' ya Kifaransa ni kuhudhuria. Mzanzibari aliyesoma Kiingereza cha Waingereza asingekosea hivyo.

Mwandishi alikuwa Mkongo kweli. Hapo tu ndipo barua ilikuwa haijadanganya.

*

Jumatano asubuhi, saa za London zikiwa mchana, simu ilipigwa kutoka kizuizini. Liévin alikuwa na kadi ya dakika kumi. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na waliolala.

"Huyo mtoto wa kwenye tanki," Bupe alisema. "Hukumtaja gazetini. Kwa nini?"

"Alikufa mikononi mwangu, mama. Usiku wa pili. Si kitu ya kutia mu journal."

"Ulimwambia nani habari zake?"

"Avoka wangu hapa, yule wakili. Na Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Kule Kigoma tuliishi hema moja miezi tatu. Watu walikuwa na woga, hakuna aliyetumia jina lake. Yeye tulimuita Mwalimu, alikuwa amefundisha hesabu. Mimi waliniita Docteur. Alikuwa mtu muzuri. Nilipougua kipindupindu yeye njo alinibeba mgongoni."

"Alikwenda wapi?"

"Siku moja akapata safari. Sikumuona tena. Labda naye aliambiwa nimekufa, maana kule wengi walikufa wiki ile."

Jioni ile Bupe alimkuta Laure kituo cha basi, akitoka kazini, akampakia garini.

"Hapa kwetu, ni Wakongo gani waliokuwa walimu huko nyumbani?"

Laure alihesabu kwa vidole. "Nehemiah. Yeye alifundisha jeografia."

"Alikuja lini?"

"Zamani. Tisini na nne."

"Kabla ya vita. Si yeye. Mwingine?"

"Papa Yohan. Yohan Kashindi, shemasi wetu. Hesabu." Laure aligeuka kitini. "Hapana, dada Bupe. Papa Yohan njo anaongoza maombi ya Liévin. Kila Jumapili, tangu kaka afungwe."

"Alipita Kigoma?"

Laure alivikunja vidole alivyohesabia.

"Lile gazeti la Januari, angeliona wapi?"

"Kanisani," Laure alisema taratibu. "Mi njo nilibandika. Kwenye ubao, pa mlango. Nilikuwa na furaha. Nilitaka batu waone kaka yangu iko muzima."

Walifika nyumbani kwake. Hakushuka.

"Amewahi kwenda mahakamani kwa jambo lolote?" Bupe aliuliza.

"Kwa sababu ya mpwa wake, mtoto wa dada yake. Walifika naye hapa. Shule ilitaka karatasi kwamba yeye njo mlezi."

"Mahakama ya wapi?"

"Upper Marlboro."

*

Karani wa mahakama ya wilaya alikuwa mama mtu mzima mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliandika namba, akatoweka kati ya makabati, akarudi na jalada jembamba la rangi ya kahawia.

"Soma pale mezani. Usitoe pini."

Maombi ya ulezi yalikuwa ya Septemba 1998. Mwombaji: Yohan Kashindi wa Hyattsville. Mtoto: msichana wa miaka minane, mama yake hajulikani aliko tangu vita. Kuthibitisha jinsi familia ilivyotawanyika, wakili aliyemsimamia wakati huo alikuwa ameambatisha maelezo ya mwombaji yaleyale aliyoyatoa alipoomba hifadhi Amerika. Kurasa nne, kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza.

Bupe aliweka barua ya London kando ya maelezo hayo. Hakuhitaji mtaalamu wa mwandiko, ingawa angemtafuta. Herufi ndefu zilivutwa chini na kukunjwa kushoto, pande zote mbili. Akasoma.

Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya misheni karibu na Uvira. Wanajeshi waliingia alfajiri. Nilijificha ndani ya tanki la maji ya mvua siku mbili, pamoja na mtoto wa miaka minne, ambaye alikufa usiku wa pili. Baadaye nilisaidia mazishi ya waliouawa.

Alisoma kurasa zote nne, akaomba nakala zigongwe muhuri wa mahakama. Mama karani alimuuliza kama anaumwa. Bupe alisema hapana.

*

Jumamosi saa nane mchana, mlango wa nyumba ya Kashindi ulifunguliwa na Marie-Thérèse, mke wake, aproni kiunoni. Alimjua Bupe kwa sura, akamkaribisha kwa mikono miwili. Watoto watatu walikuwa mbele ya televisheni. Marie-Thérèse aliwaambia kwa Kiswahili waende chumbani. Wakajibu kwa Kiingereza kwamba katuni haijaisha, kisha wakaenda.

Yohan alitoka jikoni na vikombe. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye nywele za kijivu kabla ya wakati. Wiki nzima alisukuma makontena ghalani na Jumapili alivaa suti.

"Karibu, mama. Kanisa, ama kazi?"

"Kazi, Papa Yohan. Kule kambini Kigoma walikuitaje?"

Aliviweka vikombe mezani. "Kambini batu walikuwa na majina mengi."

"Wewe."

"Mwalimu."

Bupe aliweka karatasi mbili kwenye meza ya kahawa, barua upande huu, maelezo ya Upper Marlboro upande ule. Yohan hakuzigusa. Mke wake ndiye aliyezichukua. Hakujua Kiingereza kingi, lakini mwandiko wa mume wake aliujua.

"Yohan," Marie-Thérèse alisema. "Hii ya London ni mkono yako."

"Rudi jikoni."

"Sirudi."

Yohan aliketi. Aliongea akilitazama zulia.

"Nilizani amekufa. Nilipoondoka kambini walikuwa wanazika batu kumi kwa siku, na yeye alikuwa mgonjwa. Mtu akiisha kufa, habari yake iko ya nani? Nilisema, haitamuumiza."

"Na yako mwenyewe? Ulikuwa nayo."

"Yangu?" Alinyanyua uso. "Wanajeshi walinikamata barabarani na wanafunzi wangu sita. Walitubebesha sanduku za risasi wiki tatu. Waliokataa walipigwa risasi. Mimi nikabeba. Zile risasi njo zilifika Uvira. Nilipofika hapa, mtu aliyenitafsiria akaniambia: usiseme hiyo. Aliyebebea wanajeshi, kwa Wamerika iko mwanajeshi. Watakurudisha na bibi na watoto. Unayo habari ingine? Nikasema, ninayo."

"Halafu Januari ukaiona ubaoni."

"Picha yake. Jina lake. Docteur, muzima." Alisogeza kikombe kimoja pembeni. "Siku ya kwanza nilimshukuru Mungu, mama, si uongo. Siku ya pili nikawaza: wakubwa wa hapa na wa London bakisoma habari moja yenye wenyewe wawili, mmoja ni mwizi. Watatafuta nani."

"Ukaamua awe yeye."

"Niliwaza watamuuliza tu maswali. Sikujua itasomwa mu Bunge. Mi niliandika ukurasa mmoja. Wale watu wakaufanya wimbo."

"Waliimba maneno yako."

Marie-Thérèse alikuwa amezikunja karatasi mbili pamoja, akizishika kifuani. Mlango uligongwa. Bupe hakuwa amemwita Laure, lakini Laure alikuwa ameliona gari lake nje. Aliingia, akamtazama kila mmoja kwa zamu, na hakuhitaji kuambiwa.

Alibaki amesimama. "Papa Yohan. Zile Jumapili zote ulikuwa unaomba nini?"

"Kwamba wamurudishe," alisema. "Lakini asikufe."

Laure aliangua kilio kimoja kifupi, kama mtu aliyejikata kisu, akanyamaza.

"Tunahitaji kiapo chako," Bupe alisema. "Rufaa ni Alhamisi."

"Nitaandika kwamba nilidanganya. Kwamba nilikuwa na chuki naye. Leo hii nitaandika. Ile ya Upper Marlboro iache."

"Nimemuuliza wakili wa London hilohilo. Anasema watauliza kitu kimoja: kama humjui, habari za mtoto ulizipata wapi? Ukisema unamjua, watauliza kwa nini ulimchukia. Nusu haisimami. Lazima iwe yote."

"Yote inanitoa hapa. Mimi na hawa." Alielekeza kidole mlango wa chumbani, ambako katuni zilikuwa zimeanza tena kwa sauti ndogo.

"Inawezekana."

"Na nikikataa?"

"Nakala hii ina muhuri wa mahakama na si siri. Itakwenda London, usaini usisaini. Ukisaini ina nguvu mara kumi."

"Basi unaniuliza nini? Umekwisha niua."

Marie-Thérèse ndiye aliyesema, na hakumtazama mume wake aliposema.

"Saini. Mimi nimepika chakula nikampelekea huyu dada, nikamwambia pole. Miezi miwili. Saini."

*

Jumatatu Yohan alifika ofisini kwa Edah amevaa suti ya Jumapili.

Edah alimsimamisha mlangoni. "Papa Yohan, nisikilize vizuri. Mimi si wakili wako. Niko upande mwingine. Ukisaini hii, watu wa uhamiaji wakiipata wanaweza kukufungulia kesi. Hapa kuna majina matatu ya mawakili. Ongea na mmoja kwanza."

"Niliongea na mmoja jana. Alisema nisisaini."

"Basi?"

"Kalamu iko wapi?"

Aliandika tena kurasa zote kwa mkono wake. Aliandika kuhusu sanduku za risasi, wanafunzi sita, hema la Kigoma, kipindupindu, mtoto. Mthibitishaji wa viapo alitoka duka la jirani na muhuri wake, akauliza kitambulisho, akagonga. Faksi ilichukua dakika nne. Yohan alisimama akiangalia kila ukurasa ukivutwa ndani na kutokea upande wa pili.

"Mwambie Docteur," alimwambia Bupe, kisha akabadili wazo. "Usimwambie kitu."

Siku mbili baada ya rufaa kusikilizwa, Jumamosi ya Mei mosi, wakili wa London alipiga simu. Mwamuzi alikubali rufaa. Aliandika kwamba kiapo kile ni cha mtu asiyepata faida yoyote kwa kukitoa, na kwa hiyo anakiamini. Liévin alitoka kizuizini na mfuko mmoja wa plastiki. Gazeti lilichapa sahihisho la mistari mitatu katika ukurasa wa kumi na nne, chini ya hali ya hewa. Mbunge hakusimama tena kulizungumzia. Wakili alimwandikia mara mbili. Mara ya pili karani wake alijibu kwamba mheshimiwa alisoma barua kwa nia njema, na kwamba hoja yake ya jumla inabaki palepale. Muswada ulipita Novemba, pamoja na vocha zake. Khalfan alirekodi.

Kuhusu Yohan, si Laure wala Edah aliyemshtaki. Hukumu ya London ilitaja jina lake, jirani mmoja alipeleka nakala alikoona inafaa kwenda, na Septemba barua ya serikali ya kumfungulia kesi ya kufukuzwa nchini ikafika Hyattsville. Aliacha ushemasi kabla ya kuombwa. Marie-Thérèse alianza kusali kanisa lingine, mbali, la Waamerika, ambako hakuelewa mahubiri.

Katikati ya Novemba Laure alipanda ngazi za ofisi. Edah alikuwa mahakamani, na Bupe alikuwa peke yake na mafaili. Laure alikuwa amekonda. Alisema Liévin amepata kazi ya kusafisha hospitali, kaskazini kabisa, mji ambao Laure hakuweza kulitamka jina lake, na kwamba hampigii simu sana.

"Sikuja kwa sababu yake. Marie-Thérèse alikuja kwangu jana. Hatukuwa tumesalimiana tangu mwezi wa tano. Alipiga magoti, dada Bupe. Kesi ya Papa Yohan ni tarehe sita Desemba, Baltimore. Avoka wao anataka mtu aliyeumizwa naye aje aseme iko mtu wa namna gani. Anasema mwingine hawatamusikiliza."

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema nitaenda." Alitoa kipande cha karatasi chenye anwani. "Sijui nitasema nini. Nikiwaza lile Bunge, nataka afukuzwe, asirudi hapa hata kupita. Nikiwaza kwamba alimbeba kaka yangu mgongoni..." Aliacha. "Nilitaka kujua kama utanipeleka. Sijui njia."

Bupe alivuta droo. Alitoa bahasha ndefu yenye nembo ya serikali, akaisukuma mezani hadi mbele ya Laure.

Ilikuwa hati ya kumwita shahidi. Bupe Mwaipopo, mpelelezi, afike Baltimore tarehe sita Desemba saa tatu asubuhi, pamoja na nyaraka zote alizozipata Upper Marlboro, kutoa ushahidi kwa niaba ya serikali dhidi ya Yohan Kashindi.

Laure aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Chini mashine za kufulia zilianza, na vikombe mezani vikagongana. Alilinganisha namba ya chumba na ile ya kwenye karatasi yake, kisha akairudisha hati ndani ya bahasha kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Chumba kimoja," alisema.

"Kimoja."

"Tuondoke saa ngapi?"

"Saa moja. Kuna foleni barabarani."

Laure alifunga vifungo vya koti lake hadi shingoni. "Nitakuwa chini pa mlango," alisema, akashuka ngazi kwenda kazini.